Allidina Visram: Tajiri aliyefika stesheni kabla ya gari moshi

Na Mwandishi Maalumu, Makamba

KILA mfanyabiashara wa Makamba, Nyanza-Lac au Rumonge aliyewahi kwenda Kigoma kutafuta bidhaa anaijua stesheni ile. Ni jengo kubwa la Wajerumani, limekaa mwisho wa reli karibu na ziwa, kama mtu aliyesafiri mbali akafika, akakaa. Reli iliwasili hapo Februari 1914, baada ya miaka tisa ya kazi kutoka Dar es Salaam.

Lakini ni wachache wanaojiuliza kwa nini reli iliishia Kigoma. Wakati huo mji wenye jina ulikuwa Ujiji, kilomita chache tu kusini, ambako misafara ya wafanyabiashara ilikuwa ikifika kwa miaka mingi na ambako Stanley alimkuta Livingstone mwaka 1871. Kigoma kilikuwa kijiji. Jibu lake ni maji tu: ghuba ya Kigoma ina kina na imekingwa na upepo, meli inaweza kufunga gati, wakati ufuko wa Ujiji ni wa mitumbwi. Wahandisi wakachora mstari wao, na tangu siku hiyo Ujiji ukaanza kuwa mtaa wa pembeni wa Kigoma.

Mambo ya namna hii ndiyo yanayonifanya leo nimkumbuke mtu mmoja aliyekufa zaidi ya miaka mia moja iliyopita, ambaye jina lake walijua watu kutoka Bagamoyo hadi Ujiji, na kutoka Mombasa hadi mto Nile. Naye ni Allidina Visram. Wengi wa rika langu tuliosoma Tanzania hatukumsikia darasani. Tulifundishwa habari za Carl Peters, Mirambo, Mkwawa na Karl Marx. Muuza duka hakuwa na nafasi katika historia yetu.

Allidina alizaliwa mwaka 1851 katika kijiji cha Kera, jimbo la Kutch, magharibi mwa Bara Hindi. Kutch ni nchi kavu, yenye ukame wa mara kwa mara, na vijana wake walizoea kupanda majahazi ya pepo za kaskazi kuja pwani yetu kutafuta maisha. Walikuwa wa dini na madhehebu mbalimbali. Yeye alikuwa Khoja wa Ismailia. Inasimuliwa kwamba alifika Bagamoyo mwaka 1863 akiwa na miaka 12, bila mtaji wowote.

Sisi tuliozaliwa au kukulia ukimbizini tunaijua hali hiyo, ingawa hatukuvuka bahari. Mtoto anafika nchi ya watu, lugha haijui, na chakula chake kinategemea kama kuna mtu wa kwao atakayempokea. Allidina alipokelewa na nyumba ya biashara ya ukoo wa Paroo, ambayo baadaye iliongozwa na Sewa Haji Paroo, tajiri mkubwa wa Bagamoyo.

Hapa lazima nisimame kidogo kwa Sewa Haji, maana bila yeye huwezi kumwelewa mwanafunzi wake. Kazi yake kubwa ilikuwa misafara. Mmisionari, mpelelezi wa Kizungu, ofisa wa serikali au mfanyabiashara aliyetaka kwenda bara alihitaji wapagazi, vitambaa, shanga, nyaya za shaba na chakula cha njiani. Sewa Haji ndiye aliyemtafutia vyote. Pia aliwakopesha wafanyabiashara wa Kiarabu na Waswahili bidhaa za kwenda nazo Tabora na Ujiji, wakirudi walipe kwa pembe za ndovu. Alipokufa mwaka 1897 aliacha mali nyingi kwa ajili ya hospitali na shule. Shule aliyoijenga Bagamoyo aliikabidhi kwa serikali ya Kijerumani kwa sharti kwamba watoto wa rangi zote wasome humo, na hadi leo katika hospitali ya Muhimbili kuna jengo la wodi linaloitwa kwa jina lake.

Kwa tajiri huyo ndipo Allidina alipojifunza hesabu za bara. Mpagazi mmoja alibeba mzigo wa kilo thelathini hivi, pamoja na mkeka wake na sufuria yake. Kutoka Bagamoyo mpaka Ujiji ilikuwa miezi mitatu hivi ikiwa njia ni salama, na mara nyingi haikuwa salama. Wanyamwezi ndio waliokuwa mabingwa wa kazi hiyo, na Tabora ndiyo iliyokuwa njia panda: ukishika magharibi unakwenda Ujiji, ukishika kaskazini unakwenda Karagwe na Buganda. Bidhaa zilizokwenda bara zilikuwa merikani, kaniki, chumvi na shanga. Zilizorudi pwani zilikuwa pembe, nta na asali.

Sitaki msomaji afikiri kwamba ilikuwa biashara safi. Njia hiyo hiyo ndiyo waliyopitishwa watumwa, na wengi waliobeba pembe walikuwa hawana hiari. Biashara ya utumwa baharini ilipigwa marufuku Zanzibar mwaka 1873, lakini bara iliendelea kwa miaka mingi baadaye. Pembe zilizolipa deni la duka hazikuulizwa zimebebwa na nani. Wanaoandika habari za matajiri wa zamani kwa kuwapamba tu husahau jambo hili, na mimi ninalitaja kwa sababu babu zetu wa pande hizi za Tanganyika nao walikuwa ndani ya hesabu hiyo.

Baada ya kifo cha Sewa Haji, Allidina, ambaye kwa wakati huo alikuwa amekwisha simama kwa miguu yake, ndiye aliyekuja juu katika biashara ya misafara. Alikuwa na matawi Dar es Salaam, Sadani, Tabora na Ujiji, na biashara yake ilivuka ziwa mpaka upande wa Kongo. Mtu mwingine angetosheka. Alikuwa na miaka arobaini na sita, mali anayo, njia anaijua kama kiganja chake.

Lakini wakati huo huo kaskazini, upande wa Waingereza, kulikuwa na habari nyingine. Mwaka 1896 walianza kutandika reli kutoka Mombasa kwenda ziwa Victoria. Kwa ajili ya kazi hiyo waliletwa wafanyakazi wapatao 32,000 kutoka Bara Hindi. Watu hawa walihitaji mchele, unga wa ngano, dengu, samli na viungo, na katika nyika ya Taru hakuna anayeuza samli. Allidina aliona duka.

Akahamishia nguvu zake upande huo. Alipata kazi ya kuwapatia chakula wafanyakazi wa Kihindi wa reli, na zaidi ya hapo akawa anatoa fedha taslimu ambazo zilitumika kuwalipa mishahara, kwa sababu kupeleka sanduku la rupia porini ilikuwa shida hata kwa serikali. Fikiri, msomaji, ufundi wa jambo hilo. Fedha inatoka mkononi mwake, inakwenda kwa mfanyakazi, na jioni ile ile mfanyakazi anairudisha dukani mwake kununua mchele.

Kila reli iliposonga mbele, duka nalo likasonga. Voi, Tsavo, Makindu. Tsavo ndiko simba wawili walikowala wafanyakazi mwaka 1898 mpaka kazi ikasimama. Mei 1899 reli ilifika mahali penye majimaji na baridi panapoitwa Nairobi, ambapo hapakuwa na mji wa maana. Wahandisi walipachagua kwa kuwa palikuwa tambarare ya mwisho kabla ya kupanda milima, wakaweka karakana na ghala. Wafanyabiashara wa Kihindi wakajenga vibanda vya mabati kando yake, na vibanda hivyo ndivyo vilivyokuwa mwanzo wa Bazaar. Desemba 1901 reli ikagusa ziwa pale Kisumu, ambapo Waingereza walipaita Port Florence.

Reli ile ilikuwa na gharama ambayo haikuandikwa katika daftari la Allidina. Wahindi wapatao 2,500 walikufa katika ujenzi. Wanandi waliopinga kupitishwa kwa reli katika nchi yao walipigwa vita mara kadhaa, na kiongozi wao Koitalel arap Samoei aliuawa mwaka 1905 alipokwenda kukutana na ofisa wa Kiingereza. Stesheni nyingi ambazo leo ni miji mikubwa zilijengwa juu ya malisho ya watu.

Hesabu ya reli yenyewe ni rahisi na ndiyo iliyoua misafara. Behewa moja la tani kumi hubeba mizigo ya wapagazi zaidi ya mia tatu. Behewa haliugui ndui, halitoroki usiku, halidai posho. Njia ya Bagamoyo hadi Ujiji, iliyokuwa imelisha pwani yote, ikaanza kukauka. Pembe na ngozi za Buganda, na hata za kusini ya ziwa Victoria upande wa Wajerumani, zikaanza kutokea Mombasa kwa sababu ndiko kulikokuwa na gari moshi. Wajerumani walipoona hivyo wakaharakisha reli yao wenyewe. Ilianza Dar es Salaam mwaka 1905, ikafika Morogoro 1907, Tabora 1912 na Kigoma 1914. Bagamoyo haikupata stesheni. Mji uliokuwa mlango wa bara zima ukabaki na misikiti yake, kanisa lake na nyumba zenye milango ya nakshi.

Allidina alikuwa ameondoka Bagamoyo kabla Bagamoyo haijajua kwamba inakufa. Sifa hiyo hakuna anayeweza kumnyima.

Hata hivyo, nikimsoma maisha yake, naona kwamba wanaomsifu kwa kufungua maduka kwenye stesheni wanaliona nusu tu. Kwenye stesheni kila mtu alikuja kufungua duka. Yeye alijipambanua kwa yale aliyoyafanya pale reli ilipoishia. Kisumu reli ilipokoma, aliweka majahazi yake ziwani ili mizigo ivuke kwenda Entebbe, Jinja na bandari ndogo za Uganda. Kutoka Kampala watu wake walikwenda Bunyoro na Busoga, na wengine wakashuka na mto Nile mpaka Gondokoro, katika Sudan Kusini ya leo. Reli haikufika Kampala kutoka pwani moja kwa moja mpaka mwaka 1931, miaka kumi na mitano baada ya kifo chake. Maduka yake yaliitangulia kwa zaidi ya miaka thelathini.

Na maduka yale yalifanya kazi kwa njia gani? Jibu ni neno moja ambalo kila mchuuzi wa Mugina na Manyovu analijua: mali kauli.

Kijana wa Kihindi aliyefika Mombasa bila kitu, kama yeye alivyofika Bagamoyo, alikwenda kwa Allidina. Alipewa majora ya vitambaa, chumvi, sukari, viberiti na mafuta ya taa, akaelekezwa mahali. Hakulipa kitu. Alikwenda, akajenga kibanda, akauza, akanunua mazao ya wenyeji, akayarudisha kwa tajiri, deni likapungua, akachukua mengine. Baada ya miaka michache mwenye bahati alijitegemea. Asiye na bahati aliendelea kudaiwa. Mwaka 1909 ilihesabiwa kwamba ameajiri Wahindi zaidi ya 500, mbali na hao waliokuwa wakijitegemea lakini shingo zao ziko katika daftari lake.

Kwa mkulima wa Uganda maduka hayo yalileta jambo jipya. Zamani vitu vilibadilishwa kwa vitu, au vililipwa kwa simbi. Sasa ufuta, karanga, pilipili, ngozi na hatimaye pamba vilinunuliwa kwa rupia, na kwa rupia hiyo mkulima alilipa kodi ya kibanda na kununua shuka. Pamba ilipoanza kulimwa kwa wingi kuanzia mwaka 1903, Allidina alikuwa kati ya wanunuzi wakubwa, na akajenga viwanda vya kuichambua, kimoja Entebbe. Alikuwa pia na viwanda vya mafuta Kisumu na pwani, kiwanda cha sabuni Mombasa, vya soda na samani, na mashamba makubwa saba. Watu wa Uganda walifikia kumwita mfalme asiye na taji.

Bei ya mazao, lakini, aliipanga mwenye duka. Hilo nalo tuliseme. Mahali penye duka moja mkulima hana pa kukimbilia. Waswahili na Wanyamwezi waliokuwa wafanyabiashara wa bara kabla ya reli walijikuta wamekuwa wachukuzi na makarani. Walijua njia kuliko mtu yeyote, lakini viwanja vya stesheni vilipimwa na kugawiwa kwa sheria za kikoloni zilizomtenga mtu kwa rangi yake, na mkopo ulikwenda kwa aliye na ndugu Mombasa au Bombay. Mwafrika alibaki kuwa mnunuzi wa mlangoni. Chuki iliyozuka miaka mingi baadaye, mpaka ile amri ya Idi Amin ya mwaka 1972 ya kuwafukuza Wahindi Uganda, haikuanguka kutoka mbinguni. Lakini mwaka huo huo wa 1972 ndio uliotutoa sisi Warundi nchini mwetu kwa maelfu, kwa hiyo siwezi kuiona amri ya namna hiyo kama dawa ya kitu chochote. Ukifukuza watu, unabaki na milango iliyofungwa.

Nilizaliwa katika makazi ya Ulyankulu, mkoa wa Tabora, na sekondari nilisoma Tabora mjini. Kutoka nje ya makazi ilibidi uwe na kibali. Mama yangu alikuwa akikipata kwa taabu, akaja mjini na madumu ya asali, na wakati wa msimu na maembe, akauzia abiria wa treni ya kwenda Kigoma na Mwanza. Mtu ambaye hajauza stesheni hajui ile hali: treni inachelewa saa sita, ikifika inasimama dakika chache, na katika dakika hizo unauza kila kitu au unarudi nacho. Sukari na chumvi za kurudi nazo makazini alizichukua kwa mali kauli kutoka duka la mzee mmoja pale mjini. Mzee yule aliandika katika daftari lake, mama akaandika katika kichwa chake, na hawakupishana hata mara moja.

Baba hakuwa na bahati hiyo. Alimkabidhi mfanyabiashara mmoja magunia 11 ya mahindi kwa neno tu, bila karatasi. Mfanyabiashara akafariki ghafla. Wanawe wakasema hawajui habari za magunia, na pengine kweli hawakujua. Mkimbizi asiye na kibali hana pa kwenda kushitaki. Mwaka ule sikurudi shule muhula mzima.

Ninasimulia haya kwa sababu mwisho wa Allidina Visram unafanana nayo, ila kwa ukubwa usio na kifani.

Vita vya kwanza vya dunia vilipoanza mwaka 1914, biashara ilivurugika. Mpaka kati ya Waingereza na Wajerumani ukawa uwanja wa mapigano, na reli ya Mombasa ikawa inashambuliwa na vikosi vya Wajerumani vilivyotega baruti usiku. Mwaka 1916 Wabelgiji waliingia Rwanda na Urundi kutoka Kongo. Gitega ilianguka Juni, Kigoma ikafuata Julai, na Tabora Septemba. Mwaka huo huo Allidina, mzee wa miaka sitini na mitano, alikwenda Kongo kwa shughuli za biashara. Huko alishikwa na homa. Akafariki tarehe 30 Juni 1916.

Huenda mtu akauliza tajiri wa kiasi hicho, mwenye mawakala kila mahali, alitafuta nini mwenyewe katika misitu ya Kongo wakati wa vita na katika umri ule. Kwangu jibu liko katika namna biashara yake ilivyojengwa. Mali kauli haiwezi kutumwa kwa barua. Aliyemkopesha mtu kwa uso wake ni lazima uso huo uonekane mara kwa mara. Karani anaweza kusoma daftari, lakini hawezi kujua ni yupi kati ya wadaiwa ambaye akipewa miezi mitatu zaidi atalipa, na yupi anayefunga mizigo yake usiku. Elimu hiyo ilikuwa kichwani mwa mzee, na kichwa hicho kilizikwa.

Mwanawe Abdulrasul alirithi. Alikuwa mtu mwenye heshima na mkono wazi kama baba yake, ambaye enzi zake alisaidia misikiti, hospitali na shule bila kuangalia sana dini ya mwenye kuomba. Lakini alirithi katika wakati mbaya. Baada ya vita bei za mazao zilipanda kisha zikaporomoka, na serikali ya Uingereza ikabadili fedha, rupia ikaondolewa, ikaja florini kwa muda mfupi na kisha shilingi mwaka 1921. Aliyekuwa na madeni ya rupia nje na ndani alivurugikiwa na hesabu zote. Kampuni kubwa za Ulaya na Bombay zikaingia katika pamba kwa mitaji ya benki. Abdulrasul naye alifariki mwaka 1923. Baada ya hapo nyumba ya Allidina Visram ilisambaratika. Majahazi, viwanda, mashamba na maduka vikapita mikononi mwa wengine. Wengi kati ya walionufaika ni wale wale waliopata jora lao la kwanza kwake.

Kilichobaki kwa jina lake ni shule. Abdulrasul aliijenga Mombasa kwa kumbukumbu ya baba yake, na tangu mwaka 1923 imekuwa ikiitwa Allidina Visram High School. Bado inafundisha. Wanafunzi wake wa leo wengi ni Waafrika, na nina wasiwasi kama wote wanajua kwamba mtu huyo aliwahi kuwa na duka Ujiji.

Upande wetu, mambo ya stesheni yaliendelea bila yeye. Baada ya vita Wabelgiji walipata Rwanda na Urundi lakini hawakupata reli, maana Tanganyika ilikwenda kwa Waingereza. Kwa mkataba wa mwaka 1921 walipewa sehemu ya bandari Kigoma na Dar es Salaam kwa kodi ya faranga moja kwa mwaka, ili mizigo ya Urundi na Kongo ipite bila ushuru. Kwa hiyo kahawa yetu, saruji yetu na mabati yetu yamepita Kigoma kwa miaka zaidi ya mia. Mwaka 2009, sisi tuliohunguka kutoka Ulyankulu, nasi tulipita hapo hapo. Tulishuka na magodoro, masufuria na kuku, tukakaa chini mbele ya lile jengo la Wajerumani tukisubiri magari ya kutuleta nchi ambayo mimi nilikuwa sijawahi kuiona. Mama alikaa juu ya gunia akiwatazama wauza ndizi wa stesheni. Nadhani alikuwa akiwahesabia mauzo.

Sasa kuna habari za reli nyingine. Treni ya umeme ya Tanzania ilianza safari za Dar es Salaam hadi Dodoma mwaka 2024, na Agosti 2025 ulizinduliwa ujenzi wa reli ya kutoka Uvinza kuja Musongati, ambako kuna nikeli. Tangu siku hiyo darasani mwangu sina amani. Wanafunzi hawataki tena kusikia habari za mito na mabonde, wanataka kujua stesheni zitakuwa wapi. Wazazi wao nao wananiuliza wakinikuta sokoni, kana kwamba mwalimu wa jiografia ameonyeshwa ramani. Kuna wanaotafuta kiwanja kwa siri. Kuna majirani, mmoja aliyebaki na mmoja aliyerudi, ambao walikwisha patana juu ya shamba moja la mihogo, na sasa wameanza tena kutazamana vibaya, kwa sababu mtu fulani amesema reli itapita bondeni kwao.

Niliwapa wanafunzi kazi ya kuchora njia mbili katika ramani moja: ya misafara kutoka Bagamoyo hadi Ujiji, na ya reli kutoka Dar es Salaam hadi Kigoma. Kisha nikawaambia waweke alama mahali ambapo Allidina Visram alikuwa na duka. Msichana mmoja, ambaye mama yake huvusha mawese kwenda Kasulu na kurudi na vitenge, alimaliza kabla ya wenzake. Alikuwa ameongeza alama moja ambayo sikuiagiza, pale Mugina, upande huu wa mpaka, na pembeni yake ameandika jina la mama yake.